Kufundisha Hoja ya Kitaaluma Chuo Kikuu

Hoja ya kitaaluma ni dai linaloweza kupingwa, likiwa na ushahidi wake pamoja na maelezo ya kwa nini ushahidi huo unatosha, na hutolewa mbele ya wasomi wenye haki ya kulikataa. Kusema kwamba Kiswahili kina ngeli za nomino si kutoa hoja, kwa kuwa hakuna anayebisha. Kusema kwamba Kiswahili ni lugha tamu nako si hoja ya kitaaluma, kwani hakuna kipimo cha utamu huo. Lakini kusema kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu licha ya wingi wa maneno yake ya Kiarabu ni dai kamili: limewahi kupingwa, linapimika, na anayelitoa anadaiwa ushahidi.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hafiki chuoni mikono mitupu. Anakuja na insha aliyofundishwa sekondari: utangulizi, hoja tano au sita kadiri swali lilivyotaka, kisha hitimisho. Aya zake hufunguliwa kwa “kwanza”, “vilevile”, “aidha”, “pia” na “mwisho”. Mtahini hupiga tiki penye kila hoja na kujumlisha alama. Mtindo huo haustahili dharau. Unamwezesha mtahini mwenye rundo la karatasi kuwapima watahiniwa wote kwa kipimo kimoja, na unamzoesha kijana kugawa mawazo katika aya. Kasoro yake ni kwamba hoja ya tatu inaweza kuhamishiwa nafasi ya tano na insha isipungukiwe na kitu. Katika hoja ya kitaaluma, aya ya tatu inahitaji ya pili iwe imeshasemwa.

Lipo zoezi linaloonyesha tofauti hiyo darasani kwa muda wa dakika kumi. Mwanafunzi anachapa insha yake, anaikata kwa mkasi aya kwa aya, anavichanganya vipande na kumpa mwenzake avipange. Insha ya orodha hukubali kila mpangilio. Insha yenye hoja hukubali mmoja, pengine miwili. Mwanafunzi akiona kwa macho yake kwamba kazi yake inapangika vyovyote, mhadhiri hana haja ya maneno mengi.

Njia inayotumika sana duniani kueleza viungo vya hoja ni ya Stephen Toulmin, mwanafalsafa wa Uingereza aliyeandika kitabu juu ya matumizi ya hoja mwaka 1958. Toulmin aliona kwamba mantiki ya darasani, ile ya “binadamu wote hufa, Sokrate ni binadamu, kwa hiyo Sokrate atakufa”, haifanani na jinsi watu wanavyojenga hoja katika maisha na katika taaluma. Akaugeukia mfano wa mahakama: mtu analeta dai, anaulizwa ushahidi, kisha anaulizwa ushahidi huo unahusianaje na dai lake. Wanafalsafa wa kwao hawakukichangamkia kitabu hicho. Walimu wa mawasiliano wa Marekani ndio waliokichukua, na hadi leo kinatumika katika madarasa ya uandishi.

Sehemu za hoja kwa mujibu wa Toulmin ni sita. Kuna dai. Kuna ushahidi. Kuna kiungo, yaani kanuni inayomruhusu mtu kutoka kwenye ushahidi na kufika kwenye dai. Kuna egemeo, ambalo hukipa kiungo nguvu kikitiliwa shaka. Kuna kadirio, linaloonyesha dai lina uhakika kiasi gani. Na kuna pingamizi, yaani hali ambazo zingeweza kuliangusha dai. Mwanafunzi akizikariri sehemu hizo sita kama alivyokariri hoja sita za sekondari, atakuwa amebadilisha orodha moja kwa nyingine. Inafaa azione zikifanya kazi ndani ya swali moja analolijua.

Katika idara za Kiswahili za Afrika Mashariki swali hilo lipo, nalo ni la chimbuko la Kiswahili. Karibu kila mwanafunzi wa somo hilo amewahi kupewa kazi ya kujadili madai kwamba Kiswahili kilitokana na Kiarabu, au ni pijini, au ni Kibantu. Na karibu kila mmoja huandika aya ya namna hii: Kiswahili ni Kibantu kwa sababu msamiati wake ni wa Kibantu, kwa mfano, neno “mtu” kwa Kihaya ni “omuntu”, kwa Kisukuma ni “munhu” na kwa Kizulu ni “umuntu”.

Ushahidi huo ni wa kweli, lakini hautoshi. Mpinzani atajibu kwa orodha yake: kitabu, kalamu, habari, salamu, wakati, sababu, hesabu, yote kutoka Kiarabu. Sasa zimebaki orodha mbili zinazotazamana, na mwandishi asiyekuwa na kiungo atafanya moja kati ya mambo mawili. Ataongeza maneno kwenye orodha yake, au ataruka hadi hitimisho na kutangaza mshindi.

Anachodaiwa ni jibu la swali hili: ni ufanano wa aina gani unaothibitisha undugu wa lugha? Hapo ndipo kiungo kinapoingia. Lugha huazima maneno kwa wepesi, hasa ya biashara, dini, utawala na elimu, lakini ni nadra lugha kuazima mfumo mzima wa viambishi na upatanisho wa kisarufi. Kanuni hiyo ikishatamkwa, ushahidi unabadilika sura. Neno “kitabu”, lililokuwa silaha ya mpinzani, linageuka kuwa shahidi wa upande wa pili. Kwa Kiarabu wingi wake ni “kutub”. Kwa Kiswahili ni “vitabu”, kwa sababu sarufi ililipokea neno hilo, ikaichukulia silabi yake ya kwanza kuwa kiambishi cha ngeli, na kulipatanisha na sentensi nzima: kitabu kizuri kimepotea, vitabu vizuri vimepotea. Karne nyingi baadaye neno la Kiingereza la barabarani likapita mlango uleule, na leo watu husema kipilefti kimoja, vipilefti viwili. Neno la mgeni lilipoingia, sarufi ya mwenyeji ndiyo iliyolipangia nafasi.

Kiungo chenyewe kikitiliwa shaka, egemeo lipo. Kiingereza kina maneno mengi mno yenye asili ya Kifaransa na Kilatini, kupita yale ya asili yake ya Kijerumani, na bado wanaisimu wanakiweka katika jamii ya lugha za Kijerumani kwa sababu ya sarufi yake na maneno yake ya msingi. Kinachokubalika kwa Kiingereza hakiwezi kukataliwa kwa Kiswahili bila sababu.

Kisha huja pingamizi, na hapa pana ushindi wa bei rahisi ambao mhadhiri hapaswi kuuruhusu. Wanafunzi wengi huchagua pingamizi dhaifu kuliko yote ili walipige kirahisi, kwa mfano kwamba jina la lugha lina asili ya Kiarabu, kana kwamba jina ambalo watu wamepewa na wageni linaweza kuamua nasaba ya lugha yao. Pingamizi lenye uzito ni lile la pijini: kwamba sarufi ya Kibantu na maneno ya Kiarabu ni dalili ya lugha iliyozaliwa sokoni baina ya watu wasioelewana. Kulijibu kunahitaji kazi. Pijini hupunguza viambishi, ilhali kitenzi cha Kiswahili kimebeba mzigo mzito wa viambishi na minyambuliko: piga, pigia, pigwa, pigana, pigisha, pigishana. Zaidi ya hapo, Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika uchunguzi wao mkubwa uliochapishwa mwaka 1993, walilinganisha Kiswahili na ndugu zake wa karibu wa kundi la Sabaki, yaani Kimijikenda, Kipokomo, Kielwana na Kikomoro, na kuonyesha jinsi sauti za lugha hizo zinavyolingana kwa utaratibu. Hapo mwanafunzi anajifunza jambo jingine: mfano wa Kizulu unasisimua kwa sababu uko mbali, ila ushahidi wa Kimijikenda una nguvu zaidi kwa sababu uko jirani na una utaratibu.

Linabaki kadirio. Hoja iliyojengwa namna hii inathibitisha nasaba ya Kiswahili. Haithibitishi kwamba Kiarabu hakikukigusa Kiswahili kwa kina. Namba moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni za Kibantu, lakini sita, saba na tisa ni za Kiarabu, na sauti zinazosikika katika maneno kama “dhahabu”, “thamani” na “ghali” zimekuja na maneno ya kuazima. Mwandishi mwema hulikiri hilo waziwazi. Wanafunzi huogopa maneno kama “yaelekea”, “kwa kiasi kikubwa” na “katika upande wa sarufi”, wakidhani yanaonyesha woga. Msomaji wa kitaaluma huyasoma kinyume chake: ni alama kwamba mwandishi anajua mpaka wa ushahidi wake uko wapi.

Kati ya sehemu zote hizo, kiungo ndicho kigumu kuliko vyote kufundisha, kwa sababu watu waliokubaliana hawana haja ya kukitamka. Huonekana pale tu wanapogombana. Ndiyo maana mjadala wa ushairi wa Kiswahili wa miaka ya 1970 ni chombo bora cha kufundishia kuliko mfano wowote wa kubuni. Sheikh Amri Abedi alikuwa amechapisha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, ambamo vina na mizani vina nafasi ya msingi. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, diwani ya mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Watetezi wa mapokeo wakasema hayo si mashairi, watetezi wa mabadiliko wakasema ni mashairi, na malumbano yakaendelea kwa miaka.

Mwanafunzi akiusoma mjadala huo kwa makini hugundua kwamba hakuna aliyebisha ushahidi. Pande zote zilikubali kwamba mashairi ya Kichomi hayana vina. Ugomvi ulikuwa juu ya kanuni: je, kinacholifanya shairi kuwa shairi ni umbo lake na uwezo wa kuimbwa, au ni uzito wa fikra na hisia na ufundi wa lugha? Aliyeishika kanuni ya kwanza hakuweza kufika hitimisho la aliyeishika ya pili, hata angeongezewa mifano mia. Baada ya kuliona hilo, mwanafunzi anaweza kutakiwa aandike ukurasa mmoja wa kutetea upande asioupenda. Zoezi hilo huzaa matunda haraka. Anayelazimika kutetea vina na mizani huku anapenda mashairi huru hutafuta kanuni ya mpinzani wake na kuitamka kwa heshima, na hiyo ndiyo adabu ya taaluma.

Kikwazo kingine kiko katika namna ya kutumia vyanzo. Insha nyingi za vyuoni zina mlango mmoja: “Kwa mujibu wa TUKI, mwaka 2004, fasihi ni…”, halafu Wamitila mwaka 2003, halafu mtaalamu wa tatu, kisha sentensi inayosema kwamba kutokana na fasili hizo tunaweza kusema fasihi ni mchanganyiko wa yote yaliyotajwa. Mwandishi amewaita wataalamu watatu kwenye ukurasa mmoja na hakuwaruhusu wazungumze. Huenda wanapingana, huenda mmoja ameacha jambo ambalo mwingine ameliona kuwa la msingi. Fasili ina kazi katika hoja pale tu kuchagua moja na kuiacha nyingine kunapobadilisha jibu. Anayeandika juu ya swali kama ngonjera ni ushairi au ni tamthilia hawezi kuikwepa fasili. Anayeandika juu ya nafasi ya mwanamke katika riwaya fulani hana sababu ya kuanza na maana ya fasihi kwenye kamusi.

Dawa ndogo inayofanya kazi ni kumtaka mwanafunzi aandike sentensi mbili juu ya kila chanzo anachokitumia: moja iseme chanzo kinadai nini, nyingine iseme yeye anakubali, anakataa au anakubali kwa masharti, na kwa nini. Sentensi ya pili haipatikani kwenye desa, wala haiuzwi steshenari.

Kuhusu namna ya kufundisha, utafiti uliofanyika Marekani una mambo mawili yanayofaa kujulikana hapa. Mwaka 1980 Nancy Sommers alichapisha uchunguzi uliowalinganisha wanafunzi 20 na waandishi wazoefu 20 katika kurekebisha kazi zao. Wanafunzi walibadilisha maneno: wakaondoa lililorudiwa, wakatafuta jingine zuri zaidi. Waandishi wazoefu walirudi kwenye hoja yenyewe, wakauliza inasimama au haisimami, na wakawa tayari kuvunja na kujenga upya. Miaka miwili baadaye Sommers akageukia upande wa walimu na kukuta kwamba maoni yao mengi pembezoni mwa karatasi yangeweza kugongwa kama muhuri kwenye karatasi ya mwanafunzi yeyote. “Fafanua”, “toa mfano” na “haieleweki” hazimwambii mtu lolote juu ya hoja yake mwenyewe. “Umetaja maneno ya Kizulu, kwa nini ufanano huo uhesabike kuliko ule wa Kiarabu?” ni swali lisiloweza kuandikwa kwenye karatasi ya mwingine.

Jambo la pili linatoka kwa Mina Shaughnessy wa Chuo Kikuu cha Jiji la New York, ambacho mwaka 1970 kilifungua milango kwa vijana ambao awali wasingechaguliwa. Shaughnessy alisoma insha zipatazo 4,000 za wanafunzi hao, na katika kitabu chake cha mwaka 1977 akaonyesha kwamba makosa yao yalikuwa na utaratibu. Wanafunzi walikuwa wanakisia kanuni za maandishi ambayo hawajayazoea, na walikuwa wakikisia kwa akili. Mhadhiri anayelisoma kosa namna hiyo huacha kuuliza kijana huyu ana kasoro gani na kuanza kuuliza amefuata kanuni ipi.

Funzo hilo linagusa moja kwa moja vyuo vya Afrika Mashariki, ambako idara za Kiswahili hufundisha kwa Kiswahili, na tasnifu zake huandikwa kwa Kiswahili, huku sehemu kubwa ya chuo ikifanya kazi kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa sosholojia au sheria anabeba mizigo miwili kwa pamoja, kujenga hoja na kupigana na lugha, na kalamu nyekundu huangukia mzigo wa pili kwa sababu ndio unaoonekana. Karatasi inarudi imejaa masahihisho ya nyakati za vitenzi, na hoja haikuguswa. Njia ya haki ni kutenganisha hatua. Rasimu ya kwanza isahihishwe kwa hoja tu, bila kugusa sarufi, na hakuna ubaya wowote mwanafunzi akiipanga kwanza kwa Kiswahili, kwa mdomo au kwa maandishi, kabla ya kuiandika kwa Kiingereza. Rasimu ya pili ndiyo isahihishwe lugha. Anayeweza kulitetea dai lake kwa lugha anayoimudu amekwisha kuijenga hoja. Kilichobaki ni kuivusha.

Wahadhiri hujibu kwamba madarasa yana mamia ya wanafunzi, na kwamba kozi ya stadi za mawasiliano hutolewa katika ukumbi ambao walio nyuma hawamwoni anayezungumza. Hilo ni kweli, na hakuna mbinu inayoweza kuziba pengo la walimu wasioajiriwa. Hata hivyo, ukurasa mmoja wenye dai moja, ushahidi mmoja, kiungo kilichotamkwa na pingamizi moja husomwa kwa dakika chache kuliko insha ya kurasa kumi iliyojaa manukuu. Semina za wanafunzi ishirini zinaweza kuwaweka wawiliwawili, kila mmoja akiwa na kazi moja tu: kuisoma kazi ya mwenzake na kuandika swali ambalo mpinzani angeuliza. Mhadhiri akisoma rasimu mbili za ukurasa huo mmoja, amemfundisha mwanafunzi zaidi ya anayesoma insha ndefu mara moja mwishoni mwa muhula, wakati hakuna tena nafasi ya kurekebisha.

Programu za akili unde zimeongeza uzito wa jambo hili. Kwa sasa zinaweza kutoa insha ya orodha, yenye “aidha” na “vilevile” zake, kwa sekunde chache. Mwanafunzi aliyeijenga hoja mwenyewe atajibu akiulizwa ana kwa ana kwa nini alichagua Kimijikenda badala ya Kizulu. Dakika tano za maswali ya mdomo baada ya kukusanya kazi zinapima kitu ambacho karatasi peke yake haikipimi tena.

Mwisho wa yote, wanafunzi huandika kile kinachopewa alama. Katika vyuo vingi vya Tanzania kazi za muhula huchukua alama 40 na mtihani 60, na mwongozo wa kusahihishia mtihani mara nyingi bado ni orodha ya hoja zinazotakiwa kupigiwa tiki. Kozi nzima ya uandishi haitashindana na mwongozo huo. Kila idara inayoandika swali lenye neno “Jadili” na itenge alama zinazojulikana kwa kiungo na kwa pingamizi, na wanafunzi waelezwe hivyo tangu wiki ya kwanza ya muhula.